Chai ya Awil Nunow Iliyoshika Moshi

Awil Nunow ndiye mtu pekee niliyemjua Garissa aliyekunywa chai bila maziwa kwa kupenda. Sisi wengine tulikunywa strungi maziwa yalipokosekana, tena kwa kununa. Yeye alikuwa na ngamia, maziwa tele, na bado alikaa mlangoni na kikombe cha maji meusi yasiyo na hata chembe ya sukari. Watu walimcheka. Mimi, jirani yake, nilimcheka kuliko wote.

Ujanani alichochea makaa melini mpaka akafika Hong Kong. Huko tumbo lilimsumbua, meli ikamwacha, akapata kibarua katika ghala la chai la mzee mmoja Mchina. Mzee akamnywesha chai ile, tumbo likatulia, na Awil akarudi kwetu mwalimu mzima. Ole wako umuulize! Angekuambia kwamba miti yake iko milima ya Yunnan, mingine ina umri kumshinda babu ya babu yako. Majani yakichumwa huachwa yanyauke, hukaangwa kwenye karai kavu ili ubichi ufe, husokotwa kwa viganja na kuanikwa juani. Kisha hutiwa mvuke, hufungwa kwa kitambaa na kukandamizwa kwa jiwe mpaka yawe mkate wa duara. Mikate hiyo ilibebwa na nyumbu kwa miezi hadi kwa wafugaji wa milimani, watu wa nyama na siagi wasioijua mboga.

"Kama sisi, abaayo," angesema, maana aliniita dada. "Chai hii huvunja mafuta. Hulali na nyama kifuani."

Tena haiozi, alisema. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa tamu, mradi isiwekwe karibu na kitu chenye harufu.

Hapo kwenye harufu ndipo alipogombana na mkewe, Kaaha. Kaaha aliona chai anayoienzi mumewe imefungwa kwenye karatasi tu, akaionea huruma. Akachukua dhiil, kile chombo cha maziwa tunachokisuka sisi wanawake, akakifukiza kwa vijinga vya mti wenye harufu nzuri, akaiweka chai ndani na kufunga kifuniko. Maziwa hukaa humo siku nyingi bila kuharibika, chai ingeshindwaje? Awil alipoionja, aliitema. "Umeniulia chai yangu!" Tulimsikia mtaa mzima. Kaaha akamjibu kwamba kama Wachina hawajui kufukiza vyombo, hilo si kosa lake.

Wiki hiyo malisho yalikuwa yamekwisha. Kaaha aliondoka na kaka yake, Adow, kupeleka ngamia upande wa Sangailu. Awil hakuwasindikiza. Alisema tu, bila kunyanyua kichwa, "Nenda na moshi wako." Hasira hasara, na yeye hasara yake ilikuwa bado njiani.

Vita vya serikali na waliotaka kujitenga vilikuwa vimeshaanza, ila tulidhani vitapita kando yetu. Halafu ikatoka amri, tukaingizwa katika kijiji cha uzio wa miiba, lango moja, askari mlangoni. Aliyeonekana porini na ngamia alihesabiwa adui. Kaaha hakuweza kurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Tulibanana mle hadi unasikia jirani akikohoa, na bado kila mtu alikuwa peke yake, akimwaza wake aliye nje. Jua likizama hakuna kutembeleana. Awil alikunywa ile chai ya moshi kwa sababu hakuwa na nyingine, mwanzoni amekunja uso, baadaye ametulia.

Siku moja Hared, dereva wa lori la posho, alimletea mkate mpya wa chai kutoka kwa baharia mwenzake wa zamani aliyeko Mombasa. Awil akaichemsha, akanywa funda moja.

"Ni safi," alisema, akaimwaga.

Nilikasirika. Sisi tunagawana unga kwa kikombe, yeye anamwaga chai! Lakini akaleta ile dhiil, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Abaayo, Kaaha alikuwa akifukiza kwa mti gani?"

"Kila mwanamke ana wake, adeer," nilimjibu, nikimwita ami kwa heshima. "Mwingine huchanganya, mwingine huongeza magome. Hukumuuliza?"

Alijua majani yanavyokaangwa Yunnan, asijue mkewe alichoma nini nyumbani kwake. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtania.

Akaenda langoni kuomba ruhusa ya kukata kuni. Askari akamuuliza kwa Kiswahili, "Kuni za hapa hazikutoshi, mzee?"

"Si ya kubika, afande. Ni ya kufukisa chombo."

Askari alicheka, akamrudisha. Basi wanawake tukampa vipande vya miti tuliyokuwa nayo. Alifukiza chai mpya kidogo kidogo katika chombo kingine, akaonja, akatikisa kichwa. Ile ya Kaaha ikapungua mpaka kikabaki kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Hicho hakukinywa. Alifunua kifuniko, akanusa, akafunika.

"Akirudi atanionyesha," alisema.

Mwaka wa sitini na saba lango lilipolegezwa, Adow alikuja, peke yake, kwa miguu. Tulisalimiana, akaketi, akasema Kaaha alishikwa na homa katika kiangazi cha pili. Walimzika njiani, ng'ambo ya Sangailu. Ngamia nao walikwisha.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," Awil alisema. Kisha akaenda ndani, akaleta dhiil, akaifunua mbele ya Adow.

"Shemeji, huu ni mti gani?"

Adow aliinama akanusa, na machozi yakamtoka papo hapo.

"Ni wake," alisema. "Lakini mti... hiyo ni kazi ya wanawake, shemeji. Mimi pia sikumuuliza."

Awil akakitwaa kifuniko, akafunika upesi, harufu isitoke.