Kisomo cha Karanga

Sili karanga mbichi. Wajukuu wangu hunicheka, maana mtu wa Itetemia, kijiji cha wakulima wa karanga, asiyezila ni kituko, lakini nikisikia tu harufu ya maganda yale yenye vumbi moyo unanichafuka, natafuta pa kutema mate. Ugonjwa huu niliupata kwenye kisomo.

Zilikuwa zama za Mwingereza. Shule yetu ya misheni ilikuwa chumba kimoja kirefu, picha ya Malkia ukutani, na mwalimu mmoja wa madarasa mawili. Sisi wa darasa la pili tulikuwa wengi, na baadhi yetu, mimi nikiwamo, kitabu kilikuwa bado kinatupiga chenga. Mwalimu akatangaza kwamba asiyeweza kusoma ukurasa mzima kufikia mwisho wa mwaka hataingia la tatu. Baba yangu, ambaye tangu mwanzo hakuona mtoto wa kike anafuata nini shuleni, akamalizia: "Ukishindwa, jembe lako lipo. Sikurudishi."

Basi akina mama wa kanisa walipojitolea kutusaidia kusoma kila alasiri, nilifurahi kuliko siku ya Krismasi. Kiongozi wao alikuwa mke wa mzee wa kanisa, mnene, msafi, kilemba cheupe kichwani, aliyesomeshwa na wamisionari mpaka akaweza kusoma Biblia bila kufuata maneno kwa kidole. Alisema darasani kuna joto, afadhali twende uani kwake penye kivuli. Mwalimu akashukuru. Nani asingeshukuru?

Siku ya kwanza tulisoma. Sitamnyima haki yake. Tulisoma mistari michache, akatusahihisha kwa upole. Siku ya pili tukakuta gunia la karanga limefunguliwa na nyungo zimepangwa mkekani.

"Tumenye kidogo kwanza, wanangu, kisha tusome."

Hicho kidogo hakikuisha. Yeye na wenzake walikaa wakisukana nywele na kuteta watu, sisi tukamenya mpaka jua likazama. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Magunia yaliyojaa yalipakiwa kwenye baiskeli kwenda kuuzwa sokoni Ng'ambo, yakaletwa mengine.

Tulikuwa na njaa, maana tumboni hamkuwa na kitu tangu uji wa asubuhi. Mpe mtoto wa hivyo karanga amenye, atakula. Hata malaika angekula. Yule mama aliliona hilo, na dawa yake ilikuwa nyimbo. "Imbeni! Imbeni kwa sauti, Bwana awasikie!" Alijua kwamba huwezi kuimba huku unatafuna. Akisikia sauti moja imefifia, aliinuka, akamshika mtoto taya, akamtia kidole mdomoni na kukizungusha chini ya ulimi na ndani ya mashavu kutafuta karanga. Akimaliza wa kwanza anamfuata wa pili kwa kidole kilekile, kimelowa mate ya mwenzako. Na kilinuka ugoro. Kanisani kwetu tumbaku ilikuwa dhambi, tena yeye ndiye aliyetuonya juu yake, kumbe alikuwa na kibweta chake cha ugoro ndani. Naandika haya mate yananijaa.

Jumapili moja wakatusimamisha mbele ya kanisa. Mchungaji akasema akina mama hawa wanawapa watoto mwanga. Tukaimba, na kweli tuliimba vizuri, mazoezi tulikuwa nayo ya kutosha. Watu wakafuta machozi. Baba alikuwa kwenye benchi lake, kifua mbele.

Jioni nilijaribu kumweleza.

"Baba, hatusomi kule. Tunamenya karanga."

"Na hizo nyimbo mmejifunza wapi?"

"Tunaimba huku tunamenya."

"Koma! Yule ni mama yako. Anaacha kazi zake kwa ajili yako, halafu unamsema?"

Mama alinitazama tu, akaendelea kuchekecha unga. Nadhani aliniamini. Hilo nalo lilinikera.

Siku ya mtihani mke wa mzee wa kanisa aliwekewa kiti kando ya mwalimu. Nikapewa kitabu. Herufi nilizijua mojamoja, lakini kuziunganisha niliweza mstari wa juu tu. Huko chini nikawa nagugumiza mpaka jasho likanitoka. Mwalimu akamgeukia mgeni wake. Yule mama akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo inayonichefua kuliko hata kidole chake.

"Tumehangaika naye, Mwalimu. Ana kichwa kizito. Mungu ndiye anayegawa."

Maneno hayo yalitangulia kufika nyumbani. Baba hakunipiga. Aliona aibu kwamba mtu mzima amehangaika na mwanawe bure. Alikamata tetea wetu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutaga, akamfunga miguu, akaniambia nimpelekee yule mama na kumwomba radhi kwa kumpotezea muda. Kusoma nilikuja kujifunza ukubwani, nimeshazaa, kwa mtu ambaye hakuniwekea ungo mbele.

Yule mama nilimkuta uani kwake, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama. Baba amesema nikuombe radhi. Amekuletea huyu."

"Marahaba, mwanangu." Alimpokea kwa mikono miwili, akambonyeza kifua kuona kama amenona, akaridhika. "Baba yako ana adabu, Mungu amzidishie." Kisha akanitazama kwa huruma. "Na wewe usilie. Sasa shule imekwisha, una nafasi. Mwambie baba uwe unakuja tangu asubuhi."

Nilimfikishia baba maneno hayo yote, nikitumaini kwamba sasa atachukia. Uso wake ukakunjuka.

"Unaona?" akasema. "Bado hajakukatia tamaa."