Keki ya Renata Isiyo na Maziwa

Hapa Mercedes, mji wetu wa Uruguay, huoi, hubatizi, wala humuagi mtoto anayehamia Montevideo bila keki ya Zulma. Mji mzima umeonja mkono wake. Aliyekuwa hajauonja ni mjukuu wake mwenyewe, Renata.

Maziwa na Renata hayapatani. Si suala la kuwashwa kidogo: midomo inavimba na pumzi inakatika. Zulma mwanzoni hakuamini. Jamani, nchi ina ng'ombe wengi kuliko watu, halafu mtoto akataliwe na maziwa! Renata alipotimiza mwaka, bibi alimrambisha kijiko cha jemu ya maziwa, ile nzito ya kahawia tunayopaka kwenye kila kitu. Kijiko kimoja tu, wakakimbizana hospitali. Tangu siku hiyo mkwewe Yanina, mama yake Renata, akija hapo huja na kopo la chakula cha mtoto, na kopo lenyewe halimtoki mkononi.

Mwaka huu Renata alikuwa anatimiza miaka mitano. Akauliza mbele ya watu, "Bibi, mbona wote wanakula keki yako, mimi tu sili?"

Zulma alitamani ardhi ipasuke. Yanina akasema, "Mpikie, mama. Lakini kila paketi utakayotumia, niione."

Basi Zulma akavaa miwani akaenda dukani kwa Wáshington. Majarini ya kwanza ilichorwa ua la alizeti, ukiitazama utadhani imechumwa shambani. Akaigeuza: unga wa maji ya jibini, yaani maziwa yale yale. Akairudisha. Ya pili ilikuwa na kaseini, jina ambalo maziwa hulivaa yakitaka kuingia bila kubisha hodi. Chokoleti nyeusi tii, nayo kwa chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: huenda ina chembe za maziwa.

"Bi Zulma," Wáshington akamtania, "hiyo ni majarini, si wosia. Unatafuta kama umeachiwa shamba?"

"Wewe cheka tu. Umeniuzia maziwa miaka yote hii ndani ya vitu hata sivijui!"

"Miaka yote hiyo si ulikuwa husomi?"

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli. Alizoea kununua kwa kutazama picha. Akazunguka rafu zote upya mpaka akapata majarini safi, chokoleti safi, na jemu ya viazi vitamu badala ya ile ya maziwa. Nyumbani akaosha mwiko, bakuli na meza kwa maji ya moto, akaoka huku anasoma kila paketi tena kabla ya kuifungua.

Siku ya sherehe alizipanga paketi tupu mezani. Yanina akasoma moja moja bila haraka, nyuma na ubavuni, wageni wakisubiri. Alipomaliza akatikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza akaliweka lile kopo chini.

Wakaimba, mishumaa ikazimwa, keki ikakatwa. Wifi yake Zulma, Nelly, mwanamke asiyejua kungoja, alikuwa ameshatia tonge mdomoni.

"Ehee! Huu ukoko jamani, unanukia siagi kabisa! Umefanyaje wewe mchawi?"

Zulma akacheka. Halafu kicheko kikamkauka. Siagi. Chombo cha kuokea! Kabla ya kumimina mchanganyiko wa keki alikuwa amekipaka siagi, akanyunyizia unga, kama afanyavyo tangu usichana wake. Macho yalikuwa kwenye paketi, mkono ukaenda ulikozoea. Na chombo hakina maandishi.

Renata alikuwa ameinua uma.

Likamjia wazo, na lilikuwa wazo baya: siagi iko kwenye ukoko tu, mkatie katikati, nani atajua? Hakulimaliza. Aliruka akapiga uma ule ukaanguka sakafuni, akazoa na sahani. Mtoto akaangua kilio.

"Chombo," Zulma akasema. "Nilikipaka siagi. Mimi mwenyewe. Asile."

"Mama! Tena?" mwanawe, baba yake Renata, akafoka.

Yanina hakufoka. Alimfuta Renata mikono, akamkagua midomo, akamfungulia lile kopo. Kisha akamfuata Zulma jikoni, alikokuwa amesimama ameukabili ukuta.

"Sifai," Zulma akasema. "Usiniletee tena mtoto."

"Mama, kijiko kile nilishakusamehe zamani. Ila pale hospitali daktari alipouliza mtoto amekula nini, ulisema hajala kitu. Mtoto pumzi inamkatika, na wewe unasema hajala kitu. Hilo ndilo lililonifanya nisikuachie mtoto."

"Niliogopa, mwanangu."

"Najua. Leo pia uliogopa, nilikuona, ila leo umesema." Yanina akavuta pumzi. "Jumamosi naingia kazini asubuhi. Nitamleta hapa, na sitamfungia chakula kwenye kopo."

Zulma akalia kwa sauti, wala hakujali kwamba wageni wanasikia.