Shazia ya Ayeyo

Kifuko cha ngozi alichoniachia ayeyo, mama yake baba, kinanuka mafuta ya ngamia hadi leo. Ndani mna subana ya chuma ya kuvaa kidoleni na shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka na magunia, ncha imepinda. Wanangu hudhani ni ndoana. Siwalaumu, mikeka yetu siku hizi ni ya plastiki. Lakini mimi naijua kazi iliyowahi kufanya.

Tulikuwa nje ya mji wa Rhamu, mvua zimenyesha, na ngamia wetu dume alikuwa anatafuta majike. Wakati huo dume hutoka povu na hamjui hata mfugaji wake. Kaka yangu Bishar, barobaro mwenye kiburi cha kuudhi, aliambiwa asimkaribie. Akaenda kumchapa fimbo ya mdomo. Dume akamdaka mkono juu ya kiwiko, akamnyanyua, akamkung'uta kama mkeka wenye vumbi, kisha akambwaga chini bila kumwachia na kuanza kupiga magoti ili amponde kwa kifua.

Ayeyo alikuwa akishona mkeka wa kuezekea nyumba. Alikuja mbio na shazia mkononi, akamdunga dume puani, akamdunga tena na tena, mpaka damu ikamrukia usoni na lile taya likaachia.

Nyama ya mkono ilikuwa inaning'inia. Laga, yale makorongo ya msimu, zilikuwa zimejaa maji, gari lisingepita kwenda hospitali. Ayeyo akaipitisha shazia motoni, akaniamuru nimkalie Bishar kifuani, akaanza kushona. Ngozi ya mtu ni ngumu, jamani. Kwa kila tundu aliisukuma shazia kwa subana, na nilisikia ngozi ikitoboka.

Kilichonichukiza zaidi ni makofi. Kila Bishar alipofumba macho, ayeyo alimzaba.

"Punda wewe. Baba yako alikuzaa akisinzia."

"Na wewe mchawi," Bishar akajibu kwa taabu, "mchawi usiye na meno."

Ayeyo akacheka, akashona, akamzaba tena. Nililia nikiapa moyoni kwamba mwanamke huyu hana huruma hata chembe. Niliamini hivyo mpaka nikawa mtu mzima.

Mwaka jana ayeyo alikuwa akikata roho nyumbani kwangu, mtaa wa Iftin. Shangazi zangu walikuwa wakisoma Yasini kwa sauti ya chini. Bishar akaingia, akaketi kitandani, akamshika shavu kwa mkono ule wenye makovu.

"Mchawi wewe, usiye na meno."

Shangazi wakamrukia, wakamvuta kanzu atoke. Ayeyo akafumbua macho.

"Punda," akasema.

Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri, tusi kwa tusi, na hapo ndipo nilipoelewa makofi yale. Siku ile ayeyo alikuwa anamzuia Bishar asifumbe macho moja kwa moja. Nikawasukuma shangazi zangu mlangoni, nikawaambia wallahi, atakayemgusa Bishar atanijua mimi ni nani.

Bishar akatukana, akangoja ayeyo ajibu. Akatukana tena, kwa sauti kubwa zaidi.