Mawe ya Kijani ya Shemine

Enzi zetu pale Likasi, mji wa migodi ya shaba Kongo, watu walijulikana kwa sakafu ya kwao. Yetu ilikuwa ya saruji nyekundu. Kila Jumamosi Mama aliipaka nta, nasi watoto tukajifunga matambara miguuni na kucheza dansi juu yake mpaka tuone nyuso zetu. Mgeni aliyeingia na viatu alitazamwa tu, hadi avivue mwenyewe.

Nyumba hiyo Wabelgiji walimjengea injinia wao, miaka mingi kabla baba yangu, fundi wa kiwandani, hajapewa. Kuta zilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu, dari ya mbao iko juu sana, matundu ya hewa yana umbo la nyota, na barazani kuna nguzo mbili za mviringo tulizoegemea tukimenya karanga. Lakini mimi niliipenda shemine, lile jiko la ukutani la kuotea moto. Mwezi wa saba, baridi ikiuma, Baba aliwasha kuni, tukajibana mbele yake na viazi vitamu vya kuchoma. Ilizungushiwa mawe ya kijani. Niliyalamba ili yang'ae.

Shule niliiacha mapema, maswali sikuyaacha. Nilimuuliza Baba mawe yale yametoka wapi.

"Mutoto, ile majiwe ni ya kupamba tu. Chini iko udongo."

Jibu hilo halikunitosha. Nikamnong'oneza mdogo wangu Kasongo kwamba nyumba yetu imekalia shaba, na yale mawe, ya kijani kama madini ya shaba, yanachungulia tu. Alikuwa na miaka sita. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa padri.

Nilipokua nikatangatanga, Kolwezi, Kasumbalesa, popote. Baba alipofariki sikuwepo. Niliporudi mwaka jana nilikuta ukuta mmoja na nusu ya shemine. Kasongo alikuwa amechimba sebuleni, akazidi kuchimba, asipate kitu, mpaka mvua ikajaa shimoni na nyumba ikalala. Bahati Mama alikuwa misani.

Nilimfokea sana. Akaningoja nimalize.

"Yaya, mukubwa wangu, si ni weye uliniambiaka kama mukuba, ile shaba yako, iko chini?"

Mama hajui hilo. Kasongo hakumwambia, nami sijaweza.

Siku hizi Mama amepanga chumba mtaa wa Kikula. Wajukuu, macho kwenye simu, hucheka nikiwasimulia moto uliokaa ndani ya ukuta, wanadhani natunga. Mama hacheki. Sakafu yake sasa ni udongo mtupu, lakini Jumamosi ikifika bado anauliza nani kati yetu amekumbuka nta.