Mizunguko Mitatu ya Mama Nyundo

Wafanyakazi wa msitu ule humwita Mama Nyundo, kwa kuwa ndiye anayebeba nyundo ya mhuri. Mti anaougonga hukatwa, asiougonga hubaki. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kufuta mhuri hata mmoja, na alijivunia hilo, ingawa hakulisema.

Kila mti huuzunguka mara tatu. Kwanza hutazama chini, asije akaangamiza miche au mashimo ya wanyama. Kisha huligonga shina kwa mpini wa panga, akisikiliza kama lina uwazi. Mwisho hutazama juu.

"Unaukata au unauposa?" humtania shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwenye msumeno wa mashine.

"Mdogo wangu angekuzunguka hivi, ungekuwa kapera mpaka leo," Mama Nyundo humjibu.

Asubuhi moja, chini ya mti wenye mhuri, shemeji alikuwa ameshika kamba ya kuwashia msumeno, kokwa la tunda likamgonga kwenye kofia ngumu.

"Hata nyani wananidharau!"

Mama Nyundo hakucheka. Alipita upande wa pili wa shina. Chini palikuwa na kokwa tele na kinyesi cha ndege. Juu, mahali alipodhani pana kifundo tu, palikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo, umeachwa ufa mwembamba. Ncha ya mdomo ikachungulia. Hondohondo jike alikuwa amejifungia humo na makinda yake, akilishwa na dume kupitia ufa ule.

Akaikumbuka siku alipougonga mti huo. Mvua ilikuwa inanyesha, goti linamuuma. Alizunguka mara moja tu.

Mhuri ukishapigwa ni amri. Anayeufuta huandika maelezo, na nyundo yake hufungiwa kabatini msimu mzima, isipokuwa mti ukiwa umeoza.

"Shemeji, andika umeoza ndani," yule mwenye msumeno akasema kwa sauti ya chini. "Nani atakuja kuupasua aangalie?"

"Mti huu mzima kabisa. Kilichooza ni kazi yangu."

"Nyundo utaikosa, ujue."

"Niikose. Huyo humo ndani hana pa kukimbilia."

Akachomoa panga, akachonga mihuri yote miwili, wa shinani na wa chini karibu na mizizi ambao hubaki kwenye kisiki, mpaka tarakimu zikapotea. Mchana huohuo aliiweka nyundo mezani kwa mkuu wa kituo. Maelezo yake yalikuwa sentensi moja: "Niliuzunguka mara moja."

Msimu ule alipewa kazi ya kuhesabu miche nyuma ya wakataji. Siku moja aliinua kichwa, akamwona shemeji ameweka msumeno chini na anauzunguka mti, shingo kaipinda kutazama juu. Hakuna aliyekuwa amemwagiza.

"Unauposa?" Mama Nyundo akauliza.

"Hebu ninyamazie! Umenipotezea hesabu, sasa naanza upya."