Kesi ya Meshi Haianzii Hapa

Jumatatu nilikuwa kwenye kaunta ya mahakama hapa Durban, nikisubiri muhuri, mama mmoja msusi wa mtaa wa Point akanivuta mkono nimtafsirie Kiswahili chake cha Kongo. Aliweka mbele ya karani pakiti tatu za meshi, yaani nywele za kusukia, kutoka kwa wauzaji watatu wa jumla. Wote walikuwa wamepandisha bei siku moja, kwa kiasi kilekile.

"Wamepatana," alisema. "Nataka kuwashtaki."

Karani alizisogeza pakiti kwa kalamu. "Kesi ya wafanyabiashara kupatana bei haianzii hapa, Mama. Inaanzia ofisi ya ushindani wa kibiashara, Pretoria."

"Wauzaji iko hapa. Meshi iko hapa. Kichwa ya mteja iko hapa. Pretoria inaingia wapi?"

Karani akampa fomu ya kutuma huko, kisha akagusa misuko yake mwenyewe. "Na nyinyi wasusi wa Point, mbona bei ni moja kila saluni?"

Nilipotafsiri, mama hakupepesa macho. "Siku ya Mungu, Jumapili, kisha ya misa, tulikaa tukapatana."

Hilo nililimeza. Nikamwambia karani mama bado anafikiri.

"Kaka, umekata maneno. Mwambie yote."

Nikamwambia. "Eish," karani akasema. "Na hilo pia ni kosa."

"Basi tuandike na sisi. Tutakuja kujibu. Lakini wao waanze."

Nimeona wengi wakidai haki pale. Wote walikuja wakijiona wasafi. Fomu ilikuwa na nafasi ya washtakiwa watatu tu. Mama akaomba karatasi ya pili.