Siku Niliyokufa Mbele ya Gari la Mgeni Rasmi

Nichekeni tu, jisikieni huru, maana nimeshachekwa na Majengo nzima, hata wauza dagaa waliokuwa hawanijui kwa jina walinijua siku ile, na mpaka leo nikikatiza sokoni hakosi mtu wa kuniita "Marehemu!" na mimi naitika, sasa nitafanyaje?

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu tena, sabuni za kunukia, mitumba, mafuta ya kula ya madebe kutoka nje, na sisi wanawake tukaona haiwezekani mji mzima uchangamke sisi tumekaa barazani tunasukana, tukaunda kikundi. Mwenyekiti alikuwa Mama Nyemo, Mgogo wa Hombolo aliyeolewa mjini, mwanamke mkubwa wa mwili na wa roho, ila yeye na kalamu hawaelewani kabisa. Katibu ni mimi, Zuhura, Mnyamwezi wa hapa hapa Majengo, ambaye mababu zake walikuja na misafara ya biashara wakachoka njiani wakabaki (hayo ya kuchoka ni maneno ya Mama Nyemo, mimi nasema walipapenda).

Sasa kuna jambo lazima niwaambie, bila hilo mtaniona mwendawazimu. Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake, anaweza kukunyang'anya kiatu mpaka ukikomboe, anaweza kuja msibani kwako akalala ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika, ukikasirika umeshindwa. Kikundi chetu kilikwenda kwa utani huo huo. Tukilima kule Hombolo, Wagogo safu yao na Wanyamwezi safu yetu, sisi tunawaita wala mlenda, wao wanatuita wapagazi, maneno yanayorushwa pale siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima, na shamba linaisha bila mtu kujua limeishaje.

Na mwaka ule tulifanya kazi, jamani! Tulipanda alizeti mvua za kwanza, tukapalilia, tukavuna, tukashona sare za shule, tukapika kwenye maharusi. Tatizo lilikuwa moja, alizeti yetu tulikuwa tunaipeleka kwa mwenye kinu mmoja mjini, anakamua, mashudu yote yanabaki kwake, mafuta sehemu iliyonona inabaki kwake, sisi tunarudi na vidumu vinavyocheza cheza. Ndipo tukasikia kwamba ofisi ya maendeleo imepata mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, moja tu, itapewa kikundi kimoja kitakachoonekana kimefanya kazi kweli, na kwamba mgeni rasmi atakuja kwenye sherehe yetu ya kufunga mwaka kutuangalia. Mashine moja, na vikundi vinavyoitaka vimejaa mkoa mzima! Nilikuwa naiota mashine ile, naiona imekaa uani kwangu, naisikia inalia. Nilimsimulia mume wangu, Baba Asha, Mnyamwezi mwenzangu, muuza mtama sokoni, mtu wa maneno machache ambaye mwaka mzima hakuwahi kukisifu kikundi wala kukilaumu. Akasema, "Haya." Basi, hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Siku ya sherehe asubuhi, tukiwa uwanjani tunapanga viti, Mama Nyemo akaja mbio.

"Zuhura, nimeambiwa mgeni rasmi ni Mgogo. Mgogo wa Mvumi kabisa!"

"Mtumwa wangu huyo!" nikaruka. "Shoga, mashine imeshafika!"

"Usinianzie. Wewe ukifika wakati wako simama, soma risala, kaa."

Hapo ndipo akili iliponitoka. Ningesema karibu mgeni kama watu wengine leo nisingekuwa na la kuwasimulia, lakini nikawaza, vikundi vyote vitasoma risala, nani atakumbukwa? Kautani kadogo tu, ka kumlainisha. Risala nikaikunja nikaitia kifuani, nikajifunga kanga vizuri, nikasubiri.

Landirova ikaingia uwanjani polepole, vumbi kidogo, watu wamesimama, ngoma inalia, na mimi nikachomoka kwenye mstari nikajibwaga chini mbele yake, umbali salama kabisa (mimi si mjinga kiasi hicho), nikapiga yowe: "Yalaaa! Mtumwa wangu ameniua!" Nikafumba macho, nikatoa ulimi kidogo.

Wenzangu wakaelewa mara moja. Kikaangushwa kilio pale, mikono kichwani, wengine wanagaragara, Mama Nyemo mwenyewe aliyenikataza ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote. Utaratibu ni kwamba mtani akifa hivyo hafufuki mpaka alipwe, apewe hata peremende, anaamka, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Basi nikasubiri kulipwa.

Mgeni rasmi akashuka. Nikasikia viatu vyake vinakuja mpaka kichwani kwangu. Akavua kofia (niliona kwa jicho moja).

"Maskini," akasema, kwa sauti ya msiba hasa. "Mpagazi huyu amekufa na mzigo wa nani?"

Uwanja ukacheka.

"Mlipe aamke, Bwana Afisa!" wakamwambia.

Akajipapasa mifukoni. "Sina kitu. Basi tena, kazi ya Mungu haina makosa. Mfunikeni, shughuli iendelee, marehemu alipenda kazi."

Nimepatikana! Yule bwana alikuwa mtani kuliko mimi. Nikiamka bila kulipwa nimeshindwa mbele ya watu wote wale, tena na Mgogo, na watoto wangu wangelisikia hilo mpaka wanaolewa. Nikatulia. Wakanifunika kanga gubigubi, wakaniweka pembeni ya meza kuu, na sisimizi wa Dodoma, ambao hawajui mambo ya utani, wakaanza kazi yao shingoni kwangu.

Mshereheshaji akatangaza risala. Mama Nyemo akasema kwa unyonge, "Risala anayo marehemu. Iko kifuani."

"Maiti hapekuliwi," akasema mgeni rasmi. "Sema ya kichwani, mama."

Masikini Mama Nyemo akasimama. "Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi mwaka huu tulianza kwa kupanda... tulipanda... zabibu."

"Alizeti!" nikasema chini ya kanga.

Watu wakaangua kicheko. "Maiti wa Kinyamwezi hata kufa hawajui!" akasema mgeni, na meza kuu yote ikagongwa ngumi.

"Alizeti, ndiyo," akaendelea Mama Nyemo, sasa amepata moyo. "Tukashona sare za shule, zile za kwanza zilikuwa na mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi..."

"Hilo usiseme!"

"...marehemu anasema hilo nisiseme. Halafu tukapika pilau kwenye harusi moja Area D, bwana harusi akala mpaka akasahau kumwangalia bibi harusi, na mwenzetu mmoja alipougua tulikwenda kumlimia shamba lake lote kwa zamu, na hatukumwacha mtu."

Hilo halikuwamo kwenye risala yangu, nilikuwa nimelisahau kabisa, na nikasikia mgeni rasmi anasema "Vizuri sana" kwa sauti isiyokuwa ya utani. Jamani, nilifurahi mle chini ya kanga! Sisimizi sikuwasikia tena. Nikasema moyoni mashine ni yetu, nimeileta kwa kufa kwangu, wataniimbia nyimbo.

Kumbe muuza mikate alikuwa amepita na baiskeli yake wakati ule wa kilio. Aliona gari la serikali, akaniona mimi nimelala chini, akasikia wanawake wanalia, akageuza baiskeli kuelekea sokoni kama mtu aliyetumwa.

Mimi nilichojua ni kwamba kicheko kilikatika ghafla. Nikadhani mgeni anaingia kwenye maneno mazito ya mashine, nikatega sikio. Badala yake nikasikia miguu peku inakimbia, na sauti ninayoijua kuliko yangu: "Yuko wapi?"

Baba Asha. Amekuja vile vile alivyokuwa, vumbi la mtama mpaka kwenye kope, kibaba cha kupimia bado kiko mkononi. Na nyuma yake (haya niliambiwa baadaye) wanakuja wanaume wa sokoni na jeneza la msikitini, na shehe mbele yao, na mtu amebeba jora la sanda.

"Shemeji, ngoja nikueleze," nikamsikia Mama Nyemo. Hakumsikiliza. Akapiga magoti, nikausikia mkono wake juu ya kanga, begani kwangu.

Aibu yangu hasa iko hapa, hayo mengine ni michezo. Ningeweza kuamka. Utani ulikuwa umeshakwisha, kila mtu pale alijua umekwisha. Lakini mume wangu alikuwa ameanza kusema, na mume wangu hasemi.

"Zuhura," akasema. "Mke wangu. Umekwenda, na mimi sijakwambia..."

Akaishia hapo, akalia. Nikangoja. Nikamngoja amalize, Mungu anisamehe, nimelala pale kama gogo, na yeye anapumua tu kwa shida, haendelei, haendelei, na nikashindwa, nikakaa wima na kanga yangu kichwani:

"Hujaniambia nini?"

Lo! Jeneza likatupwa. Wanaume wazima wa Majengo, watu wanaobeba magunia ya mtama mawili mawili bila kuguna, walitawanyika kama kuku, mmoja akapanda juu ya boneti ya Landirova, sanda ikajikunjua uwanja mzima, shehe akaacha kiatu kimoja upande huu na kingine upande ule. Baba Asha hakukimbia. Alikaa tu chini, ananitazama, machozi yanachimba njia kwenye vumbi la mtama, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze, safari hii kwa kweli.

Shehe aliporudi kufuata viatu vyake alimwendea mgeni rasmi moja kwa moja. "Wewe mtu wa serikali. Mtu anafunikwa mzima mzima, mumewe analia, nawe umekaa kwenye meza unacheka?"

Yule bwana akainuka. Kofia aliivaa akaivua tena. Alikuwa hajui habari za mume, wala hakuna aliyejua, lakini nani wa kumweleza shehe? Akasema kwa sauti ndogo kwamba shughuli imekwisha, akaomba radhi, akaingia garini, dereva akawasha moto. Hakuna hotuba, hakuna mashine. Wenzangu wote wakanigeukia mimi, hawakunitukana, wangenitukana ningepata nafuu. Mwaka mzima wa jembe na cherehani na moshi wa pilau, na mimi nimeuzika kwa kautani kadogo. Nikaanza kulia, kilio cha kweli, hakikuwa hata na sauti.

Ndipo Baba Asha akainuka. Akajipangusa magoti, akatembea taratibu mpaka mbele ya gari, pale pale nilipokuwa nimejibwaga, akasimama na kibaba chake.

"Mtani," akasema.

Gari likazima.

"Mke wangu umemgonga mchana kweupe. Shehe ameona, jeneza hilo hapo. Unaondoka bila fidia?"

Mgeni rasmi akatoa kichwa dirishani, bado uso umemshuka. "Mbona yu hai?"

"Amefufuka kwa kiherehere chake. Wewe hukumlipa."

Kisha nikaona mabega ya yule bwana yanaanza kutikisika, akacheka, dereva akacheka, shehe mwenyewe akageuka upande ili tusimwone. Mgeni akashuka, akaenda nyuma ya gari, akavuta turubai. Na pale, imelazwa kwenye magunia, imepakwa rangi ya kijani, nzuri kama nini, ilikuwa mashine.

"Nilipita Hombolo jana," akasema. "Nikaliona shamba, nikaongea na watu. Ilikuwa yenu hata kabla mtumwa wangu hajafa. Kwa aibu niliyoipata leo nilikuwa naondoka nayo bila kukumbuka."

Yaani nilikufa bure! Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena, Mama Nyemo akanibeba juu juu na ukubwa wangu huu, tukaimba, tukacheza, hata waliobeba jeneza wakala pilau yetu. Baba Asha akaazima mkokoteni, akaipakia mashine, akaisukuma mwenyewe kupita katikati ya Majengo mpaka nyumbani, hakukubali kusaidiwa, na mimi nyuma yake nimejaa vumbi, watu wanatoka milangoni na kanga za msiba wanauliza nani amekufa, nami nawajibu, "Mimi."

Basi nawaambia, ukitaka kumtania mtu kwanza ujue ni nani mwingine anayekusikia, na risala usiikumbatie peke yako, mpe na mwenzio aijue. Mashine tuliitumia kukamulia alizeti miaka na miaka. Lakini lile neno sijalipata. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa ukali, nimemuuliza baada ya kumpikia: "Baba Asha, siku ile ulikuwa hujaniambia nini?" Jibu lake ni lile lile: "Ukifa nitakwambia." Nimeapa sifi tena kwa utani mpaka Mungu mwenyewe aniite. Ila siku nyingine, akiwa amekaa zake kimya anakunywa chai, namtazama, nawaza kujilaza chini kidogo tu.